Mende hana kichwa na bado anakimbia: maswali yenu ya wadudu

Haya jamani tumerudi. Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba mdudu hapangi njama dhidi yako, anafuata kanuni ndogo aliyozaliwa nayo basi, simu ikajaa meseji. Wengine mmeniunga mkono, wengine mmeniuliza kama nimewahi kulala chumba chenye mbu. Nimelala sana tu. Nimechagua maswali haya hapa na nimeyafupisha kidogo, maana kuna mtu aliandika kurasa tatu kuhusu nzi mmoja. Tuanze na huyohuyo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Hivi nzi anajuaje kama nataka kumpiga? Nanyata kabisa, napandisha ndala taratibu, nikishusha tu hayupo. Kuna mmoja nimepambana naye mchana mzima na naapa alikuwa ananicheka. – Mshindwa wa ndala

Jibu: Marahaba. Hakuwa anakucheka ila nakuelewa kabisa kwa nini umefikiria hivyo. Jicho moja la nzi limejengwa na vijicho vidogo zaidi ya 3,000, lakini shida yako sio wingi wa vijicho, shida ni spidi. Wewe taa ikiwa inawaka na kuzima zaidi ya mara 60 hivi kwa sekunde hauoni tena kuzima, unaona imewaka tu moja kwa moja, nzi yeye anaendelea kutofautisha kuwaka na kuzima mpaka kwenye mara 250. Kwahiyo hiyo ndala unayoona umeishusha kama radi, kwake inashuka kama mzee anayejishika kiuno akitafuta kiti.

Afu kuna jambo jingine ambalo mi ndo lilinimaliza nguvu. Mwaka 2008 Michael Dickinson na mwenzake kule Caltech, Marekani, waliwarekodi vinzi vya matunda kwa kamera za kasi sana wakati kitu cheusi kinawashukia. Kumbe nzi hajarushwa na woga tu. Kabla hajaruka, ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, anapanga miguu. Hatari ikija kwa mbele anasogeza miguu ya kati mbele, anaegemea nyuma, anajirusha kinyumenyume. Ikija kwa nyuma anairudisha ile miguu kidogo, ikija ubavuni anaegemea upande wa pili. Yaani ndala ikiwa bado iko njiani mwenzako keshachagua pa kwenda.

Sasa kwa sababu kanuni yake unaijua, mtegee kwenye kanuni: usilenge alipo, lenga kidogo upande anaokimbilia, yaani kule mbali na mkono wako. Au tumia kile kibao chenye matundu, upepo unapita kwenye matundu haumtangulii. Na ile kusugua mikono kama anapanga dili, hapana, anajisafisha. Nzi ana vionjio kwenye miguu, anaonja kile anachokikanyaga, sasa miguu ikiwa michafu ni kama wewe na ulimi uliopaka tope.

Swali: Mwalimu habari za kazi. Mimi na mume wangu tunalala kitanda kimoja, asubuhi mimi nimejaa mapele yeye hana hata moja. Ananiambia eti nina damu tamu. Kuna damu tamu kweli? – Mke wa asiyeng'atwa

Jibu: Pole sana dada. Damu tamu hamna, mbu haonji kwanza ndo achague, anachagua akiwa bado yuko hewani. Kwanza ananusa ile hewa ya kaboni unayotoa ukipumua, anaifuata, akisogea anapata harufu ya ngozi, akikaribia kabisa anahisi joto la mwili. Sasa kupumua mnapumua wote, joto mnalo wote, kwahiyo tofauti yenu iko sana kwenye ngozi.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitoa matokeo ya jaribio moja hivi: waliwavalisha watu soksi za nailoni, sio mguuni, kwenye mikono, baadae wakazikata vipande wakawaachia mbu wachague kipande cha nani wakifuate. Mbu wenyewe ni wale wanaobeba dengi. Kuna mtu mmoja kila alipopambanishwa na mwenzake yeye ndo alikuwa anashinda, kama huko unaweza kukuita kushinda. Walikuja kuona kwamba watu wanaopendwa na mbu ngozi zao zinatoa asidi fulani za mafuta kwa wingi kuliko wenzao, na kilichoniuma mimi (maana mimi ni mwenzako dada) ni kwamba waliwapima tena na tena kwa muda mrefu, anayependwa akabaki anapendwa. Wajawazito nao wanafuatwa zaidi, wanapumua hewa nyingi na tumbo lina joto zaidi. Haya mambo ya group la damu mi siyashabikii, tafiti zake zinavutana.

Niliwahi kumwacha mmoja anywe nikiwa namtazama kwa lenzi. Ni upuuzi, usirudie, malaria sio mchezo. Lakini niliyoyaona nitakwambia. Kile unachokiona kama sindano moja ni vitu sita vimelala ndani ya ala, viwili vina meno vinakata kama msumeno, viwili vinashikilia nyama isijifunge, mmoja mrija wa kumwagia mate na mmoja wa kunyonyea. Ala yenyewe haiingii, inakunjika nje kama mkono wa shati. Tumbo likaanza kujaa, likawa linaangaza wekundu, afu nyuma kabisa likatokea tone la maji lenye wekundu kwa mbali, likakua, likadondoka, likaja lingine. Anakamua maji ya damu ayatupe ili abaki na proteini, yaani anakunywa na kukojoa kwa wakati mmoja, juu ya mkono wangu, bila hata salamu. Hiyo proteini ni ya mayai. Ndo maana dume hang'ati kabisa maisha yake yote, na chakula cha kila siku cha dume na jike ni utamu wa maua, sio wewe.

Kuhusu la kufanya, chandarua kwanza. Halafu feni: mbu ni mrukaji dhaifu sana, upepo unamsumbua na pia unaitawanya pumzi yako asijue inatokea wapi. Na mumeo mwambie akae pembeni ya feni, wewe katikati.

Swali: Mlango ulimbana mende kichwa kikabaki upande wa pili, mwili ukaendelea kukimbia mpaka chini ya kabati. Bibi anasema hiyo nyumba iombewe. – Naogopa kufungua kabati

Jibu: Muombe tu hakuna ubaya, ila mende hayumo kwenye hiyo kesi. Wewe ukikatwa kichwa unakufa kwa sababu kama tatu, damu inatoka yote kwa presha, pumzi inakatika na ubongo ndo ulikuwa bosi wa kila kitu. Mende hana hata moja ya hizo. Damu yake haina presha kubwa, imemwagika tu ndani ya mwili, shingo ikikatika inaganda yameisha. Kupumua hapumui kwa mdomo wala pua, ana vitundu jozi 10 ubavuni kifuani na tumboni, hewa inaingia humo na kusambaa kwa mirija mpaka kwenye misuli yenyewe. Na ubongo ameugawa, kila kipande cha mwili kina kifundo chake cha neva, kwahiyo miguu haihitaji ruhusa ya kichwa ndo ikimbie.

Anaweza kuishi hivyo siku kadhaa, hata wiki. Kinachomuua mwishoni ni kiu, maana hana tena mdomo. Hapo mi huwa namhurumia kidogo.

Na anavyokukwepa ukiwasha taa, angalia nyuma ya mende, kuna vimkia viwili vina vinywele vidogo sana. Mguu wako ukishuka unasukuma hewa mbele yake, vile vinywele vinapepea, habari inaenda moja kwa moja miguuni hata haipiti ubongoni kuomba ushauri, ndani ya kama sehemu ya 20 ya sekunde keshageuka. Wale mende wakubwa wekundu waliwahi kupimwa Berkeley, California, 1991, wakakutwa wanafika mita moja na nusu kwa sekunde, na wakiwa kwenye ile spidi ya mwisho kabisa wananyanyuka wanakimbia kwa miguu miwili ya nyuma. Kama mtu kaona mdai wake.

Swali: Buibui ni mdudu? Tumebishana kazini.

Jibu: Kwa Kiswahili cha nyumbani kila kinachotambaa ni mdudu, hata bakteria tunawaita wadudu, kwahiyo hamna aliyekosea. Kibaolojia hapana. Mdudu halisi ana miguu sita na mwili wa vipande vitatu, buibui ana minane na viwili. Nge na kupe nao wako na buibui. Jongoo hata usimhesabu, utachelewa kazini.

Swali: Mwalimu kwa nini nondo wanajiua kwenye taa? Nilisoma mahali kwamba wanadhani taa ni mwezi. – Mlinzi wa zamu ya usiku

Jibu: Hili la mwezi hata mimi nimelifundisha miaka mingi na leo nalirudisha kwa mikono miwili. Hadithi ilikuwa kwamba nondo anasafiri kwa kuuweka mwezi upande mmoja, sasa akiona taa anaifanya ndo mwezi, na kwa kuwa iko karibu anajikuta anazunguka. Ni hadithi nzuri, inaingia akilini, ila shida yake hakuna aliyeenda kumtazama nondo vizuri.

Mwanzoni mwa 2024 ikatoka kazi ya watafiti wa Imperial College London na wenzao wa Florida, wao walikaa na kamera za kasi wakawafuatilia wadudu hewani hatua kwa hatua. Walichokiona ni kwamba mdudu hata haifuati taa. Anaigeuzia mgongo. Kanuni yenyewe ni hii: mwanga ni juu, mgongo uelekee kwenye mwanga. Kwa mamilioni ya miaka hiyo kanuni haijawahi kumwangusha, usiku mbingu huwa ina mwanga kuliko ardhi hata mwezi usipokuwepo, na mdudu anayeruka kwa kukata kona hana namna nyepesi ya kujua chini ni wapi zaidi ya hiyo. Sasa wewe umekuja kumwekea taa ubavuni. Anaigeuzia mgongo, akiigeuzia anakata kona, akikata kona taa imehama, anaigeuzia tena, basi anazunguka mpaka asubuhi. Akipita juu ya taa ndo balaa kabisa, mgongo unataka uelekee chini, anabinuka miguu juu anadondoka kama jiwe. Walijaribu kutandaza mwanga juu kama dari, wadudu wakapita zao salama. Wakamulika kutoka chini, wakapinduka.

We mlinzi unawaona kila usiku, leo hebu tazama kwa makini, utawaona wakifika kwenye taa wanaipita kidogo afu mwili unainama upande. Sio wote, kuna aina za nondo ambazo hata hazijali. Na kama hupendi kufagia nondo asubuhi mwambie bosi afunike taa kwa juu ielekee chini tu na aweke ile ya rangi ya njano, mwanga wa bluu ndo unaowasumbua zaidi.

Swali: Anko, sisimizi wanapataje ile njia yao iliyonyooka? Na kweli wanazika maiti zao? Mtoto wangu ana miaka saba ananiuliza kila siku, nimeishiwa uongo.

Jibu: Uongo usimpe, mpe sukari chembe tatu na mtume akakae sakafuni. Sisimizi wa kwanza anakuja anatangatanga hovyo kabisa, anapita hapa anarudi pale. Akiipata sukari anarudi nyumbani huku anagusisha tumbo chini, tone la harufu hapa, tone pale. Wenzake wakiinusa wanaifuata, na wao wakirudi na mzigo wanaongeza harufu. Harufu inakauka haraka, sasa hapo ndo utamu ulipo: njia fupi inapitwa mara nyingi kwa muda uleule, kwahiyo harufu yake inazidi, njia ndefu inakauka inasahaulika. Hakuna sisimizi hata mmoja aliyepima, hakuna fundi, hakuna aliyeinua kichwa kuangalia, ila mstari unanyooka. Mimi nikiwa na muda huwa napitisha kidole chenye mate katikati ya mstari wao. Wanaofika pale wanasimama, wanarudi nyuma hatua mbili, wanachezesha vipapasio, wanarundikana kama foleni kwenye daraja lililokatika, mpaka mmoja akosee tu aangukie upande wa pili, na kosa lake ndo linakuwa barabara mpya.

Hiyo kanuni ina ubaya wake. Kuna siafu wa Amerika ya Kusini, hawaoni karibu kabisa, kila mmoja anafuata aliye mbele. Wa mbele akikutana na mkia wa mstari wake mwenyewe mduara unafungika, wanazunguka mpaka wanakufa. William Beebe aliwakuta Guyana, akaandika habari zao 1921, mduara wa mita kama 370, siafu mmoja anachukua saa mbili na nusu kuumaliza. Wamezunguka siku mbili.

Maiti sasa. Hawaziki, wanatupa jalalani, ila namna wanavyomjua maiti ndo mwambie mtoto. Sisimizi akifa hakuna anayeshtuka, analala palepale siku moja mbili wenzake wanamruka tu kama kijiti. Mwili ukianza kuoza unatoa asidi ya oleiki, hapo anayepita anamnusa, anambeba, moja kwa moja jalalani. Miaka ya 1950 E. O. Wilson wa Harvard akachukua ile asidi akampaka sisimizi mzima, mwenye afya zake. Akabebwa. Anapiga mateke, anajitikisa, wao wanambeba tu mpaka kwenye lundo la maiti wanamwaga. Anarudi nyumbani anabebwa tena. Mpaka alipojilamba akaisha ile harufu ndo wakamruhusu kuwa hai.

Na kama mtoto bado hajalala, kuna hawa wa jangwani ambao harufu haiwafai maana mchanga wa moto unaikausha. Wao wanahesabu hatua. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani na Uswisi walitoa majibu ya jaribio lao: waliwaacha watembee mita 10 mpaka kwenye chakula, walipofika wakawagundisha nywele ngumu za nguruwe miguuni kama magongo, wengine wakawapunguza miguu. Wa magongo walirudi, wakaipita nyumba, wakaenda kusimama karibu mita 15 wanatafuta mlango. Wa miguu mifupi walisimama mita 6 hivi, wanazungukazunguka wanashangaa nyumba imeenda wapi.

Swali: Nzige na panzi ni kitu kimoja au ndugu tu?

Jibu: Nzige ni panzi aliyebanwa. Sitanii. Mpaka 1921 hata wataalamu walikuwa wanajua ni viumbe viwili, Boris Uvarov ndo akaonyesha kwamba ni mmoja anayebadilika tabia na rangi. Nzige wa jangwani akiwa peke yake ni mpole, anajificha, akimuona mwenzake anaondoka. Mvua ikinyesha nyasi zinaota wanazaliana, ukame ukirudi majani yanabaki sehemu chache, wote wanajazana hapo, wanaanza kusuguana miguu ya nyuma. Huo msuguano ndo swichi. Maabara waliwasugua na brashi ndogo kwenye paja la nyuma kwa saa chache wakageuka, na 2009 ikajulikana kwamba ndani kinachopanda ni serotonini, kitu kilekile kilichopo kwenye ubongo wako na wangu. Yule mpole sasa anawatafuta wenzake, baadae anabadilika mpaka rangi.

Na wakitembea kwa pamoja msidhani ni umoja ni nguvu. Anayesimama anang'atwa na wa nyuma yake. Kundi la kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 40 na likala kwa siku moja chakula cha watu 35,000, hizo ni hesabu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na sehemu ya kinachowasukuma mbele ni kukimbia meno ya jirani.

Swali: Kiwavi akiwa kipepeo anakumbuka alikuwa kiwavi? Naomba usinicheke.

Jibu: Nani akucheke, swali hili watu wa Chuo Kikuu cha Georgetown walilifanyia kazi wakalitolea majibu 2008. Ndani ya lile ganda sehemu kubwa ya kiwavi inayeyushwa, misuli inavunjwa, na vifungu vidogo vya seli ambavyo alikuwa navyo tangu mtoto ndo vinajenga mabawa, macho na miguu mipya. Watu hupenda kusema anakuwa supu tupu, wanazidisha, utumbo na mirija ya hewa na sehemu ya neva haziishi zote.

Basi walichukua viwavi wa nondo wa tumbaku wakawanusisha harufu kali kama ile ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, kila wakinusa wanapigwa shoti kidogo. Wakajifunza kuikimbia. Wakaachwa wajifunge, wakatoka nondo wazima wenye mabawa, wakawekewa njia mbili, moja ina ile harufu. Wengi wakaikwepa. Ila waliofundishwa wakiwa viwavi wadogo sana hawakukumbuka kitu, waliokumbuka ni wale waliofundishwa mwisho mwisho, inaonekana sehemu ya ubongo iliyokwisha jengwa wakati huo ndo iliyovuka. Kwahiyo kipepeo wako maisha yake ya kutambaa hatakusimulia, lakini adui yake wa mwisho wa ukiwavi anaweza kumjua kwa harufu.

Swali: Kumbikumbi wanatoka wote siku moja wanajaa kila mahali halafu kesho hamna. Wanatoka wapi na wanaenda wapi?

Jibu: Wanatoka kwenye vichuguu, ni mchwa wenye mabawa, vijana wa kiume na wa kike wanaokwenda kuoa na kuolewa. Wanangoja mvua kwa sababu udongo uliolowa unachimbika, na wanatoka wote kwa wakati mmoja ili ndege, vyura na mijusi washibe mpaka washindwe, wachache wabaki. Pia ili wa kichuguu hiki wakutane na wa kile. Akitua anajitingisha mabawa yanakatika yenyewe, pana mstari kabisa wa kukatikia, afu jike anatangulia dume anamfuata nyuma pua kwa mkia mpaka wapate pa kuchimba. Wakifanikiwa wanakaa pamoja miaka na miaka. Mfalme wa mchwa hafi baada ya harusi kama dume la nyuki, anabaki na mkewe chumbani.

Na kwa aliyeniandikia kwamba mchwa ni sisimizi weupe: hapana, ukoo wao ni wa mende.

Swali: Nyuki akiniuma nifanye nini kwanza, na kweli anakufa?

Jibu: Kwanza ondoka hapo, maana mwiba unaacha harufu inayofanana na ndizi mbivu na hiyo ni king'ora, wenzake wanakuja kuuma palepale. Unakimbia huku unautoa mwiba, kwa kucha, kwa kadi, vyovyote, ila haraka, kile kifuko cha sumu kinaendelea kujisukuma chenyewe hata nyuki akiwa hayupo. Ukiona unavimba uso au unashindwa kupumua hiyo sio ya kusubiri, hospitali. Na ndiyo anakufa, mwiba wake una vijino vinavyonasa kwenye ngozi yetu, akiruka ncha ya tumbo inakatika na kubaki. Akimuuma mdudu mwenzake haunasi. Nyigu mwiba wake unatoka vizuri tu, anaweza kukurudia.

Swali: Mwalimu kwa heshima yako, hili la kanuni ndogo sikubaliani nalo. Unawafanya wadudu kama saa ya ukutani. Mimi nimefuga nyuki miaka 11, kuna siku nawaona wanafanya vitu havina maana yoyote. – Mfugaji

Jibu: Mzee wangu, wewe ndo umenikosesha usingizi kuliko wote, na nimeliweka lako mwisho kwa sababu sina jibu la kukushinda. Kanuni inaeleza mengi, sisimizi wa asidi ya oleiki ni kanuni tupu, nondo ni kanuni tupu. Ila mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, kwenye maabara ya Lars Chittka, waliwawekea nyuki wanene wale wenye manyoya vipira vidogo vya mbao pembeni ya njia ya kwenda kwenye chakula. Njia ilikuwa wazi. Hakuna zawadi, chakula kipo palepale upige mpira usipige. Nyuki wakatoka njiani wakaenda kwenye vipira, wanakikumbatia kimoja kwa miguu wanabingirika nacho, wanakiacha, wanarudi kesho. Kulikuwa na 45, mwingine alibingirisha mara moja tu, mwingine mara 117. Na vijana walikuwa wanacheza zaidi ya wakubwa.

Nimejaribu kutafuta kanuni ndogo ya kuueleza huo mpira, labda ni mazoezi ya misuli kabla hawajaanza kwenda mauani, labda. Huyu wa mara 117 lakini ananisumbua. Hebu niandikie hao wako wanafanya nini hasa, kwa siku gani, saa ngapi, na kama ni wadogo au wameshazeeka mabawa yamechanika ncha. Usinifupishie, wewe nakuruhusu hata kurasa tatu.